Tezo Mkono wa Kushoto

Kabla ya kufungua mlango wa nje, kabla hata ya kuwasha jiko, Mama Barafu alikuwa na kazi moja isiyojua mapumziko: kumsalimu baba yake. Baba mwenyewe alikuwa ukutani, juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu pana ya mbao nyeusi. “Shikamoo baba,” angesema, kisha angeendelea na safari yake ya jikoni bila kungoja jibu, maana picha haijibu na yeye hakuwa mwehu. Alianza salamu hizo angali akibebwa mgongoni na mama yake, na sasa alikuwa na wajukuu waliomwiga.

Picha ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, ingawa ule weupe ulikuwa umekwisha kugeuka rangi ya chai. Kijana mmoja amesimama mbele ya mashua ambayo bado inaundwa. Mbavu zake ziko wazi, hazijafunikwa mbao. Kifua kitupu, kaptura, na tezo begani, lile shoka dogo lenye bapa lililolala ambalo mafundi wa mashua huchongea. Amelishika kwa mkono wa kushoto. Anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeambiwa atulie kidogo na haoni sababu. Fremu ilimkata chini kidogo ya magoti.

Mkono ule wa kushoto ndio uliokuwa kitambulisho chake. Baba yake Mama Barafu alikuwa fundi, na kijiji kizima kilimwita Fundi Shoto, kwa kuwa alichonga, alikula, alirusha mawe na, kwa maelezo ya wazee, aligombana kwa mkono huohuo mmoja. Alikufa kwa homa akiwa kijana, mkewe akiwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Kwa hiyo binti hakumjua baba, na vitu alivyoachiwa na baba vilikuwa viwili tu: picha na miguu. Miguu ilikuwa kituko. Kidole cha pili kilipanda juu ya kidole gumba, kulia na kushoto, na hapakuwa na kiatu kilichowahi kumkaa vizuri tangu azaliwe. Mama yake alikuwa akimwogesha utotoni huku akicheka peke yake, akisema miguu hii ni ya Shoto mtupu, laiti angemwachia mtoto kitu cha maana.

Jina la Mama Barafu alilipata kwenye soko la samaki, alikowauzia wavuvi barafu ya kuhifadhia mzigo. Ulimi wake haukuwa na uhusiano wowote na jina hilo. Mvuvi aliyethubutu kusema kipande ni kidogo aliambiwa akakichemshe basi aone kama kitaongezeka.

Aliyemlea alikuwa baba yake mdogo, ndugu wa kufuatana na marehemu, fundi vilevile. Yeye ndiye aliyemnunulia madaftari, yeye ndiye aliyesimama alipoolewa, na mwaka ule mumewe alipougua yeye ndiye aliyeleta samaki mlangoni bila kubisha hodi, akawaacha na kuondoka. Watu walimwita Mzee Ndevu. Ndevu zenyewe zilimfika kifuani, mchuzi ukipenda kubaki humo, na mkewe alikuwa amekwisha kuzilalamikia hadi akachoka. Kila alipokuja kutembea kwa Mama Barafu alikaa kiti kilekile, kilichoipa mgongo picha ya kaka yake. Nyumbani waliamini anapenda upepo wa mlangoni.

Sasa basi. Studio ya zamani ya picha, iliyokuwa karibu na stendi, ilifungwa. Mpiga picha alikuwa amekufa zamani, na binti yake, aliyeendesha mahali pale kwa kupiga picha za vitambulisho, alisema macho yamechoka na wateja wamehamia kwenye simu zao. Katika kuondoa vitu akakuta sanduku la bati la baba yake, limejaa filamu na picha za kijiji: uundaji wa mashua na uvuvi, miaka na miaka. Hakutaka kulitupa. Akalileta kijijini kwa mikono yake mwenyewe, akalikabidhi kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mtu mpole na mkaidi, na hizo sifa mbili zikikutana kwa mtu mmoja hupati pa kumshikia. Akaamua picha zionyeshwe kwenye ghala la zamani la chumvi, kuta zipakwe chokaa, kila picha iandikwe majina ya waliomo, na shule zote za karibu zije kutazama. Akaunda kamati. Mama Barafu hakuchaguliwa. Alifika tu siku ya kwanza na kiti chake, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia arudi nacho.

Zilikuwa siku nzuri zile. Picha zilitandazwa juu ya meza ndefu na watu wakaitwa kuja kutambua wazee wao. Kulikuwa na mafundi wakipinda ubao juu ya moto, mmoja akiumwagia maji. Kulikuwa na umati ukiisukuma mashua mpya juu ya magogo kuelekea majini, midomo wazi, dhahiri wanaimba. Wanawake waliopasua samaki na kuwatandaza juu ya vichanja, visu vimesimama hewani kwa ajili ya mpiga picha. Nyavu zilizotundikwa zikauke, ndefu hadi mwisho wa picha. Familia moja ilimwona babu yao, aliyesifiwa miaka yote kwa uchapakazi, amelala fofofo chini ya wavu wakati wenzake wanashona, wakaomba picha hiyo iondolewe. Mwalimu akakataa kwa upole. Mama Barafu akaipigania ibaki na akapendekeza ikuzwe.

Na yeye alikuwa na ahadi yake. Picha kubwa kuliko zote, ile ya kutundikwa mlangoni ambapo kila aingiaye ataiona, ingekuwa ya Fundi Shoto. Aliitangaza hiyo sokoni, akawaambia wajukuu, akamshoneshea mjukuu mkubwa gauni la kuvaa siku hiyo. Kijiji kilikuwa kimemsahau Shoto, kwa kuwa waliofanya naye kazi, ukimtoa Mzee Ndevu, walikuwa wamekwisha kufa, na mtu aliyekufa kijana hana muda wa kujenga sifa. Mama Barafu alitaka baba yake asimame mlangoni mwa kijiji chake angalau mara moja, na watu wamjue kwa sura. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyojua.

Siku moja asubuhi binti wa mpiga picha alitoa bahasha kutoka chini ya sanduku, na ndani mlikuwa na picha ileile ya ukutani kwa Mama Barafu, ndogo, ukubwa wa kiganja. Kijana yuleyule, tabasamu lilelile, mbavu za mashua nyuma. Lakini tezo lilikuwa begani kwa mkono wa kulia, na bahari iliyokuwa upande huu sasa ilikuwa upande ule.

Mama Barafu akasema imekosewa. Binti wa mpiga picha, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, alieleza kwamba filamu ina pande mbili, na ukiiweka kwenye mashine mgongo wake ukiwa juu, picha hutoka imegeuka, kushoto kunakuwa kulia. Hayo hutokea. Mama Barafu akasema ndiyo, hayo hutokea, na hapa yametokea. Mwalimu akavaa miwani. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu mahali palipokuwa na miguu ya kijana. Pembeni ya mguu kulikuwa na kopo la rangi, na juu ya kopo kumeandikwa jina la kiwanda, herufi zinasomeka vizuri kabisa.

“Kwangu hakuna kopo,” Mama Barafu alisema.

“Labda liko ndani ya fremu,” Mwalimu alisema.

Ghala lilinyamaza, na Mama Barafu, aliyezoea kunyamazisha watu, safari hii hakupenda kimya alichokisikia. Akamwambia Mwalimu aandike Fundi Shoto na mambo yaishe. Mwalimu akajibu kwamba watoto wa shule watakuja kusoma kile atakachoandika, na kwamba atangoja. Anachongoja hakukitaja. Mama Barafu akachukua kiti chake, akaondoka nacho.

Nyumbani aliitoa picha ukutani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, na nyuma kulikuwa na gamba la boksi lililopigiliwa vijisumari pande zote, vya karibu karibu, kama vya mtu aliyeogopa kitu kisije kikatoroka. Akaving’oa kwa kisu cha samaki, kimoja kimoja. Akaitoa picha, akaiweka juu ya meza.

Kopo lilikuwepo. Herufi zake zilikuwa zimegeuka nyuma mbele, kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo. Na kando ya kopo, miguu. Mama Barafu aliitazama miguu kwa muda mrefu kuliko kopo. Ilikuwa mizuri, imenyooka, vidole vimejipanga kila kimoja mahali pake, mkubwa kwanza halafu wadogo zake. Akatazama chini kwenye kandambili zake mwenyewe. Kidole cha pili juu ya gumba, kulia na kushoto.

Akakaa. Hakulia, aliogopa. Mtu anayejua kuhesabu barafu hawezi kushindwa hesabu hiyo. Kijana yule hakuwa mtu wa shoto, na miguu yake haikuwa ya Shoto, na wakati uleule sura yake ilifanana na ya wajukuu wa Mama Barafu mwenyewe. Damu ilikuwa ya ukoo. Kwa hiyo angeweza kuwa mtu mmoja tu. Akaifunga picha ndani ya taulo, akaenda kwa baba yake mdogo.

Mzee Ndevu alikuwa nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha mabati, akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Hakuunda tena vyombo vikubwa, mgongo ulikwisha kukataa, ila hakuna aliyeziba kama yeye na alijua hivyo. Alimwona Mama Barafu, akaitikia shikamoo yake, akamuuliza kama barafu imekwisha kuyeyuka sokoni hata anatembea saa hizi. Mama Barafu akafungua taulo, akaiweka picha juu ya ubao, mbele yake.

Mzee alitazama moja kwa moja pale chini, kwenye miguu. Akaweka nyundo.

“Mama yako alipigilia misumari mingi ile,” alisema. “Nilimwambia imezidi.”

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imekaa ndani ya mtungi miaka hamsini na ushee. Ilipotoka haikutoka kwa mbwembwe. Mzee alisimulia akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi, kwa sauti ya mtu anayeeleza ubao umekatwaje. Mpiga picha alikuja mara moja mashua ile ilipokuwa ikiundwa. Akawapiga mafundi wote. Shoto alikufa muda mfupi baadaye, na mama yake Mama Barafu, tumbo limemtangulia, akaenda studio kutafuta sura ya mumewe. Shemeji yake akamsindikiza. Mpiga picha akatoa zote, wakazipitia, na sura ya Shoto haikuwemo. Palikuwa na picha nzuri moja tu ya fundi aliyesimama peke yake, na fundi huyo alikuwa ndiye aliyekaa pale pale kwenye benchi, akimsindikiza shemeji yake.

Mama mtu akaitazama kwa muda. Akasema hawa wawili walifanana tangu hapo, hata yeye siku za mwanzo alimtofautisha mumewe kwa mkono. Kisha akauliza kama inawezekana kumfanya mtu wa kwenye picha awe wa shoto. Aliuliza tu, kama anayeulizia bei. Mpiga picha akasema hilo ni jambo la kugeuza filamu. Kuhusu kopo na miguu, akamwambia atengenezewe fremu pana.

“Na wewe ukakubali,” Mama Barafu alisema.

“Mama yako aliniambia, mtoto anakuja na atauliza baba yangu yuko wapi. Nitamwonyesha nini, kaburi? Ningemjibu nini mama yako? Nilikuwa kijana, kaka yangu amekufa. Angeniomba mkono ningekata.”

Wakakubaliana mtoto aambiwe akikua. Mtoto akakua. Mama akasema tungoje aolewe, akaolewa. Tungoje azae, akazaa. Halafu mama akafa, na Mzee akabaki na jambo hilo peke yake. Uongo ule, alisema, ulikuwa umekuwa kama kabati la vyombo: limekaa ndani ya nyumba siku nyingi hata hakuna anayeuliza lilipitaje mlangoni. Kila akija anakuta picha imekwisha kusalimiwa. Angeanzia wapi?

“Mmenifanya nimsalimie mtu asiye baba yangu,” Mama Barafu alisema. “Kila asubuhi. Na wanangu. Na wajukuu.”

“Hilo ni kweli,” Mzee alisema.

Laiti angejitetea. Mama Barafu alikuwa na maneno ya kumjibu anayejitetea, aliyabeba tangu nyumbani, na sasa hakuwa na pa kuyatua. Akakunja taulo. Mzee akamwambia, kabla hajaondoka, kwamba Shoto yumo sandukuni. Mpiga picha alimpiga pamoja na wenzake. “Lakini aliambiwa asimame,” alisema, “na kaka yangu hakuwa mtu wa kusimama.”

Siku ile wavuvi walinunua barafu bila kuuliza ukubwa wa kipande. Mama Barafu alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na anwani: mama yake alikuwa kaburini, mzee hakubisha, na mpiga picha alifanya kazi aliyotumwa na mteja. Chini ya hasira mlikuwa na kitu kingine kilichouma zaidi. Alikuwa amefiwa na baba. Mara ya kwanza hakuwepo, yalimpita akiwa tumboni. Safari hii alikuwepo.

Alirudi ghalani mchana, bila kiti, akamwomba binti wa mpiga picha waanze sanduku upya. Waliikuta karibu na chini, picha ambayo kamati ilikwisha kuiweka upande wa zilizoharibika. Mafundi wamesimama mbele ya mashua ileile, wote wametulia kama walivyoamriwa. Mmoja hakutulia. Alikuwa pembeni, ameinama juu ya gogo, na kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa ukungu. Kichwa kilikuwa ukungu, na mkono ulionyanyuliwa na tezo, mkono wa kushoto, ulikuwa ukungu mrefu kama moshi. Filamu za zamani zilichelewa kunasa, binti wa mpiga picha alieleza. Anayetikisika alijifuta mwenyewe. Uso hauonekani kabisa.

Lakini mchongaji akichonga husimama imara. Miguu haikutikisika. Ilikuwa wazi kuliko kitu kingine chochote katika picha ile, imejikita kwenye maganda ya mbao, kila kucha inaonekana. Kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya gumba.

Mama Barafu akavua kandambili. Alisimama pale sakafuni kwenye ghala, miguu mitupu, picha mkononi, akitazama miguu ya pichani, kisha yake, na binti wa mpiga picha akapata busara ya kwenda kutafuta kitu nje. Ndipo alipolia. Alilia vizuri, bila haraka, hadi akamaliza.

Alipofuta macho akaona kitu cha pili. Katika mstari wa waliotulia, wa mwisho alikuwa yule kijana wa ukutani kwake. Hakutazama kamera. Alikuwa amegeuza macho kumtazama kaka yake aliyekataa kuacha kazi, na anamcheka, na mapenzi yamejaa usoni hadi yanataka kumwagika. Mama Barafu akakumbuka kwamba hakuwahi kuuona mdomo wa baba yake mdogo. Hakuna aliyeuona. Ndevu zilikuwapo tangu alipopata akili.

Hapo akaanza kuelewa hesabu ya upande wa pili. Ndevu zile zenye mchuzi, zilizochekwa na kijiji kizima na kulaaniwa na mke, zilifugwa ili mtoto asije akatazama ukutani, kisha akatazama kitini, akauliza swali. Kile kiti cha kuipa picha mgongo hakikuwa cha upepo. Na watoto wa mzee mwenyewe, binamu zake, walikuwa wakiingia kwake wakiiamkia ile picha na kuiita baba mkubwa. Walikuwa wakimsalimu baba yao wenyewe wakiwa hawajui, naye yumo chumbani, anakunywa chai. Mtu hukata pua kuunga wajihi. Huyu alitoa wajihi wote.

Alimwambia Mwalimu uamuzi wake palepale. Picha ya mlangoni iwe ileile, ikuzwe, lakini kwa upande wake sahihi, tezo kulia, na iandikwe jina la mwenyewe. Kando yake itundikwe hii yenye ukungu, ukubwa uleule, iandikwe: Fundi Shoto, akiwa kazini. Mwalimu akasema kwa upole kwamba Fundi Shoto haonekani. Mama Barafu akasema ndivyo alivyokuwa, na wasiomwona uso watazame miguu. Mwalimu akaandika.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa mzee na mkasi, wembe na kipande cha sabuni. Mzee alikuwa palepale kwenye mtumbwi wake. Mama Barafu akamweleza kuhusu mlango wa ghala na picha zitakazokaa hapo, na kwamba siku ya kufungua anatakiwa asimame chini ya picha yake watu wamwone. Mzee akasema nani ataamini kwamba yule ni yeye, na msitu huu usoni?

“Ndiyo maana nimekuja na wembe.”

Mzee akazishika ndevu zake, akazikusanya mkononi kama anayepima uzito wa kitu anachouza. “Nilizifuga kwa ajili yako,” alisema. “Ukisema zitoke, zitoke. Ila usinipare kama samaki.”

Akakaa kwenye kigoda, taulo begani. Kioo kidogo kilikuwa kimening’inizwa kwenye nguzo ya kibanda, na mzee akakigeuza kimwelekee ili aone asichinjwe. Mama Barafu alisimama nyuma yake. Alianza na mkasi, na ndevu zikaanguka chini zikachanganyika na pamba ya mtumbwi. Mke wa mzee alitoka na ungo, akaona kinachoendelea, akarudi ndani, na wakamsikia akicheka huko. Kisha povu, kisha wembe. Mkono wa Mama Barafu ulizoea kisu. Shavu la kwanza likatoka, jeupe kidogo kuliko paji la uso, limekunjamana, halijaona jua tangu yeye hajazaliwa. Likafuata la pili. Likabaki povu chini ya kidevu.

“Na ile ya ukutani?” mzee aliuliza. “Umeitupa?”

“Nimeipigilia upya. Ipo palepale.”

“Umeigeuza?”

“Iko kama ilivyokuwa.”

Mzee alinyanyua taulo kwa mkono wa kulia kujipangusa jicho, akalishikilia begani, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayeambiwa atulie na haoni sababu. Mama Barafu aliinua macho kutazama kama amebakiza nywele. Kwenye kioo, mkono wenye taulo ulikuwa wa kushoto. Uso ulikuwa umezeeka, meno mawili hayapo, lakini kila kitu kilikuwa upande wake, tabasamu upande wake, bega upande wake, kama alivyoviona kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko.

Wembe ukasimama hewani.

“Shikamoo baba,” alisema.

Hakusema baba mdogo. Mzee aliisikia tofauti hiyo. Alimtazama kupitia kioo, povu kidevuni.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Haya malizia, sabuni inakauka.”